Asali kwenye Gurudumu

Jumatatu, 3 Julai 2006

Nimepata kazi. Si ya kuuza duka wala ya kuvusha mizigo mpakani, ni kazi ya kusema. Wiki iliyopita malori matano yalifika Tunduma yamebeba vyuma, na vyuma hivyo vimesimamishwa kwenye uwanja ulio nyuma ya stendi vikawa michezo: farasi wa mbao wanaozunguka, treni ndogo, nyumba ya vioo inayomfanya mtu aonekane mfupi kama pipa, na gurudumu kubwa lenye viti kumi na viwili. Gurudumu linaonekana mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia. Wenyewe wanapaita Uwanja wa Tabasamu. Watakaa hapa mpaka kahawa iishe mashambani, halafu watahamia kwingine.

Mwenye mali ni Abdulwahab, mtu wa Korogwe, mpole, tasbihi haimtoki mkononi. Alikuwa anatafuta binti anayejua Kinyiha, na Kinamwanga kidogo, wa kutangaza kwenye kipaza sauti. Aliniambia niseme chochote kwa Kinyiha. Nikatangaza kama mzee wa kanisa anavyotangaza siku ya mavuno kwetu Igamba, nikawaita watu waje waone dunia kutoka juu. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo alisimama akacheka mpaka maji yakamwagika. Bosi akasema nianze kesho.

Tangu nimalize kidato cha nne sijawa na jambo la kuandika. Sasa ninalo.

Alhamisi, 6 Julai

Wana lugha yao. Kila mfanyakazi ana redio ya mkononi, na wanazungumza mbele ya wateja bila mteja kujua kinachosemwa. Anayenifundisha ni Stumai, mkata tiketi wa mlangoni, mwanamke wa miaka thelathini hivi ambaye amezunguka na uwanja huu tangu ukiwa na farasi peke yao.

Nikisikia "chai imemwagika kwenye treni", mtu ametapika, mchanga upelekwe. "Mjomba amefika" ni mtu wa serikali amekuja kukagua. "Asali" ndilo neno kubwa kuliko yote. Mtambo ukigoma watu wakiwa juu, fundi Habibu anasema "asali kwenye gurudumu", na hapo mimi ndiye ninayetakiwa kuwatuliza watu kwa maneno matamu mpaka amalize kutengeneza. Niseme lolote, ila nisiseme kwamba pameharibika. Stumai anasema watu wakishikwa na hofu huko juu wanaweza kuruka, kwa hiyo uongo mdogo unaokoa watu. Nimeona ana akili.

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Watu hawahesabiki. Sauti imenikauka.

Jumatano, 12 Julai

Leo na mimi nimewapa maneno.

Tulikuwa tunakula wali nyuma ya jenereta. Stumai akalalamika kwamba hapa hajui nani wa kumkaribisha na nani wa kumwacha, maana wakulima wote wamevaa sawa. Nikawaambia mbona rahisi, ni kama kuchuma buni. Kuna mbivu na kuna makapi. Mbivu ni yule aliyetoka kuuza kahawa, utamwona anatembea polepole na mkono uko mfukoni, haharakishi popote. Huyo unamchuma. Makapi ni yule aliyekuja kushika uzio na kutazama tu. Huyo unampepeta.

Walicheka sana. Habibu, ambaye kwa kawaida hacheki, alirudia "unampepeta" mara tatu. Mpaka jioni maneno hayo yalikuwa yameshaingia kwenye redio zote. "Mbivu wawili kwenye farasi." "Makapi kwenye uzio wa nyuma." Bosi aliposikia alinipa mkono akasema mimi sasa ni mtu wa nyumbani.

Nimerudi chumbani nikiwa na furaha. Kwa muda mrefu nilikuwa sijachekesha watu.

Jumamosi, 15 Julai

Upepo na baridi. Nimenunua sweta la mtumba. Chai imemwagika mara nne.

Jumamosi, 22 Julai

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, nisipoandika nitaanza kujidanganya.

Saa nane mchana nilikuwa nimesimama mlangoni na Stumai, kipaza sauti kiko mkononi, nawaita watu. Nikamwona Baba anakuja kutoka upande wa stendi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, lile la kahawia lenye kiwiko kilichoshonwa, na mabuti ya mpira ya shambani, na ameshika mfuko wa rambo. Nilijua kilichotokea: amemaliza kuanika kahawa, akaona aje aone kazi ya mtoto wake. Mabuti hakuyavua kwa sababu viatu vyake vya ngozi alimpa kaka yangu alipokwenda Mbeya.

Kabla hajafika, lakini akiwa ameshaweza kutusikia, Stumai akainua redio: "Makapi mlangoni. Mzee mmoja, mabuti."

Halafu akanigeukia. Akaniuliza kama namjua, maana yule mzee alikuwa ananitazama na kutabasamu. Habibu naye alikuwa pale, anafuta mikono kwa kitambaa, naye ananitazama.

Nikasema, "Ni mzee wa huko kijijini kwetu tu."

Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Alisikia. Najua alisikia kwa sababu tabasamu lilibaki usoni lakini macho yakahama. Nikamwambia shikamoo kama ninavyomwambia mzee yeyote. Akaitikia marahaba. Akanipa ule mfuko, akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili wote wasikie:

"Nimepewa nikufikishie, binti. Kuna mtu kwenu ameniagiza."

Ndani kulikuwa na ndizi za kuchoma na karanga. Nikasema asante. Akasema niendelee na kazi, asinicheleweshe, akageuka akarudi stendi. Hakuingia. Hakuona hata farasi.

Mimi nilimkana, na yeye akanisaidia kumkana. Alitunga uongo palepale ili wangu usianguke. Na neno lililomfukuza lilitoka kinywani mwangu, nililitoa shambani kwake nikawaletea hawa wale nalo wali.

Stumai alikula ndizi mbili akasema ni tamu.

Jumapili, 23 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 26 Julai

Asali kwenye gurudumu mara tatu tangu Jumatatu. Leo nimemsikia Habibu akimwambia bosi kwamba meno ya gia yamelika, gurudumu likisimama na mzigo upande mmoja linaweza kuteleza. Anataka gia nyingine. Bosi akasema gia imeagizwa Dar, ivumiliwe mpaka Nane Nane ipite, baada ya hapo watalisimamisha wiki nzima. Habibu alichukua kopo lake. Aliondoka akaenda kupaka grisi.

Nimezoea asali. Jana waliokwama juu niliwaambia wamebahatika, leo kuna mzunguko wa kupumzika. Walinipigia makofi. Kusema kweli najisikia vizuri wanaponipigia makofi, hata kwa hilo.

Jumapili, 30 Julai

Nilitaka kupanda gari kwenda Igamba. Nikafika stendi, nikarudi.

Alhamisi, 3 Agosti

Stumai ameniuliza kwa nini siku hizi sisemi "mbivu". Nikamwambia koo linauma.

Jumapili, 6 Agosti

Vumbi limejaa kila mahali, hata kwenye daftari hili. Bosi anasema Nane Nane itakuwa kubwa kuliko Sabasaba.

Jumatano, 9 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Ilikuwa Nane Nane.

Watu walianza kufika tangu saa tatu asubuhi. Walitoka huku kwetu, Ruanda, Igamba, Vwawa, wengine walitoka Ivuna na malori ya chumvi. Saa tisa waliingia akina mama wa kwaya kutoka Ruanda, kumi na wawili, wote na vitenge vya kijani vya sare moja. Walikuwa wamechanga wenyewe, mwaka mzima, waje wapande. Walikuwa wanacheka kama wasichana wa shule. Habibu aliwapakia wawili wawili, akawafungia kila kiti mnyororo wake wa kiunoni, gurudumu likaanza.

Lilizunguka mara mbili likasimama. Nikasikia chuma kinakwaruza. Halafu redio: "Asali kwenye gurudumu."

Nikashika kipaza sauti. Nikawaambia kwa Kinyiha kwamba kwa kuwa leo ni siku ya wakulima, uwanja umewapa zawadi, watakaa juu kidogo zaidi ya wengine. Wakashangilia. Upepo ulikuwa mkali, vitenge vinapepea.

Kwenye kiti kilichokuwa upande wa magharibi, juu kama paa la nyumba, alikuwepo mama mmoja mnene wa miaka hamsini hivi. Sasa najua jina lake, anaitwa Ketrina. Aliinamia upande wangu akaniuliza kwa Kinyiha, si kwa hofu, kama mtu anavyomuuliza mtoto wa jirani:

"Binti, niambie kweli. Hiki kimeharibika?"

Nikamjibu kwa mdomo tu, kipaza sauti nimekishusha, "Hapana, mama. Ni zawadi. Simameni muione Zambia."

Hakuna aliyeniambia niseme simameni. Bosi hakusema. Habibu hakusema. Stumai hajawahi kunifundisha neno hilo. Lilinijia tu, kwa sababu lilisikika vizuri, kwa sababu nilitaka wacheke zaidi. Na nilikuwa najua habari ya gia.

Ketrina akafungua mnyororo, akasimama, akaweka mkono juu ya macho kutazama Nakonde. Habibu alikuwa chini amelala mgongoni, hamwoni. Gurudumu likateleza nyuma, kidogo tu, kama urefu wa hatua moja. Akaanguka.

Sitaandika mlio wake. Alianguka kwenye jukwaa la mbao, kwa ubavu. Nyonga imevunjika na mkono umevunjika. Alikuwa anapumua, macho yamefunguka, na kitenge kimepanda, na mwanamke mwenzake huko juu anapiga kelele hajui ateremke vipi. Stumai ndiye aliyekimbia kwanza akavua khanga yake akamfunika. Mimi nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Nilisimama nacho mpaka mtu akaninyang'anya.

Wamempeleka Vwawa kwa pikapu ya bosi.

Alhamisi, 10 Agosti

Amekuja ofisa kutoka wilayani, bwana Watson, mtu wa makamo, anaandika taratibu kwa mwandiko mzuri. Ametuhoji mmoja mmoja kwenye hema.

Kabla ya zamu yangu bosi aliniita pembeni. Macho yalikuwa mekundu, nadhani hajalala. Hakunitisha. Aliniuliza nilisema nini kwa Kinyiha, maana wao wote walisikia sauti yangu tu, hakuna aliyeelewa neno. Nikaona mlango umefunguka mbele yangu nikapita.

"Niliwaambia wakae watulie," nikasema.

Akashusha pumzi. Akasema Mungu anibariki, hapa wako wafanyakazi kumi na nne na wote wana watu nyumbani. Akaniomba nimwambie ofisa hivyohivyo.

Nikamwambia ofisa hivyohivyo. Akaandika. Nikatia sahihi, jina langu lote.

Jumatatu, 14 Agosti

Tumefungua tena, isipokuwa gurudumu. Natangaza farasi.

Alhamisi, 17 Agosti

Ripoti imesomwa mbele yetu. Gia itabadilishwa kabla gurudumu halijatumika tena. Kuhusu ajali imeandikwa kwamba majeruhi alifungua mnyororo na kusimama kwa hiari yake, kinyume na maelekezo aliyopewa kwa lugha anayoielewa.

Ofisa aliuliza kama kuna wa kuongeza neno. Akina mama wa kwaya hawakuwepo, wamo mashambani wanachuma. Alikuwa amewauliza wachache kule hospitalini, akasema maelezo yao yanapishana: majeruhi anasema aliambiwa asimame, lakini waliokuwa juu kabisa walisikia "zawadi" na "Zambia" tu, mengine upepo uliyachukua, na aliyekaa kiti kimoja na majeruhi, mama Elina, anasema hakusikia amri yoyote ya kusimama.

Nilitazama meza. Ilikuwa na doa la wino lenye umbo la jani.

Habibu alinipiga bega tulipotoka nje akasema nimewaokoa.

Jumapili, 20 Agosti

Nimekwenda Vwawa hospitali. Nilinunua sabuni na machungwa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yote.

Ketrina amelala mguu umening'inizwa kwa mawe, mkono una plasta. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi, mwanaume mkavu, kofia magotini. Nikajitambulisha kwamba ni mfanyakazi wa uwanja. Ketrina akasema anaijua sauti yangu. Akanikaribisha nikae kitandani, upande usiouma.

Mume wake alianza kulalamika, si kwangu, kwa ukuta. Alisema mkewe ni mkaidi tangu ujana, kila mtu alikaa, yeye mmoja tu ndiye aliyetaka kusimama, sasa kahawa inaanguka chini hakuna wa kuichuma, na serikali yenyewe imeandika kwamba aliambiwa akae. Ketrina hakubishana naye. Alisubiri mpaka alipotoka kwenda kuchota maji, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, mimi nilisikia simameni. Nimewaambia wote. Elina alikuwa ubavuni mwangu, anasema hakuna kitu kama hicho. Sasa hata mimi nimeanza kuona labda nilisikia vibaya. Labda ni uzee. Wewe ndiye uliyesema. Ulisemaje?"

Nilikuwa na maneno yote. Yalikuwa pale.

Nikamwambia kulikuwa na upepo mwingi siku ile.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari. Akasema basi ni yeye. Akanishukuru kwa machungwa.

Nimeandika hivi nikiwa kwenye gari, imebidi nisimamishe kalamu kwenye kila tuta. Mara ya kwanza nilimvunja mfupa. Leo nimemvunja kitu kingine, na safari hii hakukuwa na gia, hakukuwa na upepo, hakukuwa na bosi. Tulikuwa wawili tu.

Jumatatu, 21 Agosti

Sikutangaza. Nimesema naumwa. Si uongo kabisa.

Alhamisi, 24 Agosti

Gia imefika kutoka Dar. Habibu anaimba.

Jumapili, 27 Agosti

Igamba.

Nilimkuta Baba anapindua kahawa kwenye kichanja. Mama alikuwa kanisani. Nikachukua upande wa pili wa kichanja nikaanza kupindua na mimi, kama zamani, viganja wazi, bila kuvunja ganda. Hakuuliza kwa nini nimekuja. Aliuliza kama nimekula.

Nikamwomba msamaha kwa siku ile ya mlangoni. Akasema ilikuwa kazini, kazini watu wana mambo yao. Nikasema hapana, Baba, lile neno walilokuita ni langu, mimi ndiye niliyewafundisha. Hapo mikono yake ikasimama. Nilidhani atanifukuza. Alichambua buni zilizovunjika, akazitupa pembeni, halafu akasema alijua neno hilo haliwezi kuwa la watu wa Korogwe.

Basi nikamweleza mengine. Nilimweleza asali, gia, Ketrina, simameni, sahihi, machungwa. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, nalia, kamasi zinatoka. Yeye alikuwa anapindua kahawa. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: huyo mama anaamini nini sasa hivi, leo, wakati sisi tunaongea?

Nikasema anaamini masikio yake yamemdanganya.

"Kesho gari la kwanza linapita saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Tutakwenda pamoja."

Jumatatu, 28 Agosti

Ofisi ya bwana Watson iko ghorofa ya chini, dirisha linatazama bustani ya kabichi. Baba alivaa lile koti na mabuti yake. Nilipotaka kumtambulisha nilisema kwa sauti iliyomfanya karani wa chumba cha pili ageuke: "Huyu ni baba yangu mzazi, Yonasi." Baba aliona aibu kidogo, akavua kofia.

Ofisa alinisikiliza bila kunikatiza. Alipoelewa alichosikia alivuta karatasi mpya. Akataka maneno yote, moja moja, na maana yake. Nikamtajia chai, nikamtajia mjomba, akainua macho kidogo kwa hilo la mjomba. Nikamtajia asali. Nikamtajia mbivu na makapi, ingawa hayo hayakuhusu ajali. Akaniuliza kwa nini nayataja basi. Nikasema ili asije akadhani mimi nilikuwa natumika tu.

Akaniuliza kama najua kwamba kutia sahihi maelezo ya uongo ni kosa. Nikasema najua. Akasema nitaitwa. Nikatia sahihi nyingine.

Jumamosi, 2 Septemba

Gurudumu limezuiwa. Uwanja mzima umezuiwa mpaka uchunguzi ufanywe upya, na bosi ameona bora afungashe. Habibu aliitwa juzi, akasema kweli yote kuhusu gia, na tangu hapo hasemi na mtu.

Nilikwenda kuaga. Ningeweza kutokwenda. Walikuwa wanafungua farasi, wamewalaza kwenye nyasi miguu juu. Stumai alinitazama kama mtu asiyenijua, na nilistahili kutazamwa hivyo, najua mtazamo huo unavyofanywa. Akaniuliza kama nimefurahi. Ana watoto wawili Morogoro kwa mama yake.

Bosi alikuwa amekaa kwenye sanduku la vyuma, anavuta tasbihi. Nikasema shikamoo. Akaitikia.

"Mimi nilikuambia uwatulize," akasema. "Sikukuambia uwasimamishe."

"Ndiyo, bosi."

"Na gia nilijua mimi. Hilo nalo nimemwambia ofisa."

Akasema amekubali kumhudumia yule mama mpaka atakapotembea. Hakusema kwa heri. Nilipofika barabarani nikageuka, gurudumu lilikuwa limebaki nusu, viti sita, na mtu amepanda juu yake na spana.

Jumapili, 3 Septemba

Nimeambiwa Ketrina ametoka hospitali, amerudishwa nyumbani Ruanda. Ofisa amemwandikia mumewe barua. Baba anasema barua haitoshi. Najua.

Jumamosi, 9 Septemba

Nilikwenda peke yangu. Baba alinisindikiza mpaka njia panda akarudi.

Nyumba yao iko ukingoni mwa mashamba, kahawa imeiva kupita kiasi, nyingine nyeusi imekauka matawini. Ketrina alikuwa ameketi nje kwenye kiti chenye mito, mguu umenyooshwa juu ya kinu kilichogeuzwa. Amekonda. Barua ilikuwa imesomwa, lakini imesomwa na mumewe, kwa Kiswahili cha ofisini, na ilisema "maelezo ya awali yamebatilishwa". Hakuna aliyejua maana yake.

Nikapiga magoti. Akasema niinuke, ardhi ina baridi. Sikuinuka. Nikamwambia kwa Kinyiha.

"Mama, nilisema simameni. Ulisikia vizuri. Nilijua gurudumu ni bovu, nikakuita mama, nikakuambia usimame. Na uliponiuliza tena hospitalini nilikudanganya mara ya pili."

Kuku walikuwa wanaparua kwenye maganda. Nilingoja anipige au anilaani, nilikuwa tayari kwa yote mawili, naona hata nilikuwa nayataka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alishika sikio lake la kulia kwa vidole viwili, akalivuta kidogo, kama anakagua kama bado liko.

"Kwa hiyo sikusikia vibaya," akasema.

"Hukusikia vibaya."

"Wiki nne. Wiki nne nimelala naogopa kwamba akili inanitoka. Mguu sikuuogopa."

Hakusema amenisamehe. Nilipotaka kuomba aliinua ule mkono mzima nikanyamaza. Akamwita mumewe aliyekuwa shambani. Mume akaja, kikapu kiunoni, mikono imepakaa utomvu.

"Mwambie huyu," Ketrina akasema.

Nikamwambia. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza. Yule mwanaume alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Halafu akamgeukia mkewe akasema neno moja la Kinyiha ambalo sitaliandika, ni lao. Akaenda kukaa kwenye gogo na mgongo umetugeukia.

Ketrina akamtuma mtu kwa jirani. Jirani akaja. "Mwambie na huyu." Nikamwambia. Akaja mchungaji. Nikamwambia. Wakaja wanakwaya wawili, walikuwa shamba la juu, wakasimama na madebe yao. Nikawaambia, na mmoja wao akalia, akasema yeye ndiye aliyekwenda kumwonya Ketrina aache kutafuta visingizio. Sauti yangu ilianza kukwama. Kila mara nilidhani imetosha, na kila mara Ketrina alikuwa anatazama njiani kuona nani mwingine anakuja. Katikati aliagiza niletewe uji. Nikanywa. Nikaendelea.

Nimesema mara tisa. Nilikuwa nafikiri kusema ni kitu ninachokijua.

Jua lilipokuwa linakaribia mlima alifika mama mmoja mfupi mwenye mkongojo, anatembea upandeupande, na Ketrina akajinyoosha kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaniambia huyu ndiye Elina, aliyekaa naye kiti kimoja. Akaniambia nisogee karibu naye kabisa, niseme kwa nguvu, maana huyu hasikii vizuri.